Msitu uliofyekwa chini umebaki miti tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu picha mliyochapa mwezi uliopita, ya kikundi cha vijana waliosimama na makwanja yao mbele ya msitu wa kijiji. Maelezo yaliyoandikwa chini yake yalisema wameusafisha msitu ili upendeze, na wageni wapate pa kupumzikia. Miti mikubwa yote ilikuwa imesimama. Chini yake pamefagiliwa, udongo unaonekana, na benchi mbili za mbao zimeshapigiliwa. Viongozi wakawapongeza, na gazeti lenu nalo likawapongeza.

Vijana wale sina ugomvi nao. Walijitolea, na jasho la mtu naliheshimu. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna mtu mzima aliyewaambia kuwa walichokifyeka pale kilikuwa sehemu ya msitu yenye wakazi wengi kuliko wanavyodhani. Waandishi wenu wanafuatilia kila lori la mbao na kila gunia la mkaa linalokamatwa, kazi nzuri hiyo, lakini habari ya vichaka sijawahi kuisoma humo hata mara moja. Mti ukianguka unasikika. Kichaka kikifyekwa tunasema pamependeza.

Mimi naishi Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, upande wa Amani. Ujanani nilikuwa nawabebea watafiti wa ndege mianzi na nyavu zao, na mpaka leo, magoti yakikubali, nawatembeza wageni wanaokuja kutazama ndege. Ndege ninayetaka kumsemea wageni humwita akalati wa Sharpe, na wanasayansi wamemwandika Sheppardia sharpei. Wenyeji wengi hatuhangaiki naye. Haibi mtama, hali kifaranga cha mtu, wala haimbi juu ya paa. Anaishi kwenye misitu ya milima ya Tanzania, na kuvuka mpaka kidogo kusini, na humo msituni anakaa chini kabisa, baina ya goti na kiuno cha mtu mzima.

Mkononi ni kitu kidogo mno. Ukimtoa kwenye wavu, na kazi hiyo inataka vidole vitulivu kuliko kumenya iliki, unakuta uzito wake ni kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Mgongo wa rangi ya zeituni iliyofifia, koo na kifua rangi ya machungwa, tumbo jeupe. Miguu myembamba na mirefu kwa mwili ule. Jicho ndilo litakalokushangaza: jeusi na kubwa, ukubwa usiolingana na kichwa. Ni jicho la kiumbe anayefanya kazi gizani mchana. Chini ya msitu mzima wa mlimani hufika sehemu ndogo sana ya mwanga wa jua, na yeye humo humo anamwona buibui juu ya jani lililokauka.

Siku nzuri ya kumwona ni siku ya siafu. Kila mtu wa kwetu anawajua siafu na anajua kuwakimbia, lakini ukisimama pembeni ukawaacha wapite utaona jambo. Jeshi likitandaa chini ya miti, kila kilichojificha kwenye majani makavu kinatoka mbio: nyenje, mende wa porini, buibui, viwavi, tandu. Hapo ndipo ndege wanapokusanyika. Anakuja alethe wa kifua cheupe, mkubwa kuliko akalati na mwenye ubabe, anashika nafasi ya mbele penye windo nono. Akalati anabaki pembeni kidogo. Anakaa kwenye kijiti chembamba kilicholala, urefu wa goti langu, hatikisiki. Ghafla anadondoka chini, anadonoa nyenje, anarudi kwenye kijiti kile kile au cha jirani yake. Siafu wenyewe hawagusi. Anachokula ni wakimbizi wao. Ataendelea hivyo mpaka jeshi limehama, naye anahama nalo, kijiti kwa kijiti.

Naomba wasomaji wakitazame hicho kijiti. Ni mche wa mti uliota mwaka juzi, au tawi la kichaka lisilozidi unene wa kidole. Ndicho kiti chake cha kuwindia. Akikaa ardhini kungoja windo, siafu watampanda. Akikaa juu mno, windo limeshapotea kabla hajafika. Sasa mfyekaji na kwanja lake anaanza na nini? Anaanza na vijiti hivyo, kwa sababu ndivyo laini. Halafu anakusanya majani makavu na kuyachoma. Amemnyang'anya ndege kiti na meza kwa asubuhi moja, na mti mkubwa haujaguswa hata gome.

Yako mengine. Viota vya ndege wa jamii hii hujengwa chini, karibu na ardhi, vikifichwa na majani yale yale. Mayai yao ni machache, na vinavyopotea ni vingi, maana nyoka, panya na nyani hawalali. Mtafiti wa Kimarekani William Newmark amekuwa akitega nyavu na kuwavisha ndege pete za kuwatambulia katika misitu ya Usambara tangu 1987. Mwaka 1991 alichapisha matokeo yake ya mwanzo kuhusu vipande vya msitu vya Usambara Mashariki: kadiri kipande kinavyokuwa kidogo na cha mbali na msitu mkubwa, ndivyo ndege wa chini ya miti wanavyotoweka humo mmoja baada ya mwingine. Miaka ishirini baadaye, yeye na mwenzake walionyesha kwamba ndege wengi wa aina hii wakitaga kwenye vipande hivyo, viota vyao vinaharibika zaidi kuliko vya ndege wale wale waliomo kwenye msitu mpana. Tena mwaka 2021 hesabu zao za miaka thelathini zikaonyesha kuwa joto linavyopanda, uwezo wa ndege wengi wa milima hii kuishi na kuongezeka unashuka. Huo ni mzigo juu ya mzigo, kwa sababu chini palipofyekwa hukauka haraka na joto lake hupanda, na wadudu wanaopenda majani yenye unyevu hawakai mahali pakavu.

Watu huniuliza: kwani huyo ndege hana mabawa? Si aruke aende msitu mwingine?

Ana mabawa, ila hathubutu. Kutoka kichaka hadi kichaka anaruka vizuri tu, lakini mwonyeshe shamba la chai lenye jua kali, lisilo na pa kujificha, na msitu mwingine ukionekana kabisa ng'ambo, hatavuka. Mwewe atamwona kabla yeye hajamwona mwewe. Kule Panama, Amerika ya Kati, walilijaribu jambo hili kwa njia ambayo mimi nisingekuwa na moyo wa kuifanya. Watafiti waliwachukua ndege wa msituni kwa boti wakawaachia juu ya ziwa la Gatun, mita 100, 200 na 300 kutoka ufukweni, kisha wakatazama nani atafika. Matokeo yalichapishwa 2008. Wapo walioruka bila shida. Wapo pia, hasa wa chini ya miti, ambao hata mita 100 ziliwashinda, wakaangukia majini na ikabidi waokolewe. Mita 100! Uwanja wa mpira wa shule ya kijiji chetu unakaribia hapo.

Na ziwa hilo lina kisa chake. Lilipojazwa kwa ajili ya mfereji wa meli wa Panama, karibu na 1914, kilima kimoja kikageuka kisiwa, ndicho Barro Colorado. Msitu wake umelindwa kwa makini sana tangu enzi hizo, miti imenenepa, watafiti wamejaa. Hata hivyo ndege kadhaa wa chini ya miti wametoweka kabisa kisiwani humo. Miongoni mwao ni mmoja aliyeishi kwa kufuata majeshi ya siafu wa huko, kama hawa wetu. Siafu wako mpaka leo. Ndege hayuko, na wenzake wa bara hawawezi kuja kujaza nafasi yake, kwa kuwa maji yamewakatia njia.

Sisi hatuna ziwa, tuna chai. Tuna barabara, mashamba ya mahindi, mistari ya mikaratusi. Na tuna iliki, ambayo lazima niizungumzie kwa sababu ndiyo ilitufundisha Usambara nzima kufyeka chini na kuacha juu.

Iliki inapenda kivuli. Mkulima wa iliki hana haja ya kuangusha mti mkubwa. Anapunguza michache mwanga uingie kidogo, anafyeka vichaka vyote, anang'oa miche, anapanda. Baba yangu alilima hivyo, na ada zetu za shule zilitoka humo, kwa hiyo msinisomeshe kwamba mkulima wa iliki ni adui. Lakini ukweli uko wazi kwa yeyote aliyepalilia shamba lile. Ukilitazama kutoka barabarani, msitu upo. Ukilitazama kwa ndege ya abiria, msitu upo. Ingia ndani: mti mkubwa, iliki, mti mkubwa, iliki, na mche wa kumrithi mzee aliyesimama hakuna hata mmoja, maana kila mwaka unapaliliwa pamoja na magugu. Siku wazee wakianguka, na kwenye mvua za upepo huanguka, shamba linakuwa peupe, iliki inaungua na jua, na watu wanahamia mihogo.

Ndiyo maana Derema, ukanda wa msitu uliokuwa umelimwa iliki, ulitengwa na wakulima wakalipwa fidia ya mazao yao, ili msitu wa Amani uungane tena na misitu iliyo kaskazini yake. Malipo yale yalileta maneno mengi na wengine mpaka leo hawajaridhika. Hilo linastahili barua yake peke yake, na mwenye uchungu zaidi yangu ataiandika. Ninachosema mimi ni kwamba sababu ya kuunganisha misitu haikuwa chui wala tembo. Hapa hatuna tembo. Waliokuwa wamekatiwa njia ni wadogo kama akalati, na njia yao haiwi njia kwa kuwa na miti juu. Inakuwa njia kwa kuwa na vichaka chini.

Nimesikia hoja za upande wa pili na nyingine zina uzito. Vichaka vina nyoka, ni kweli. Mama anayeteka maji alfajiri hataki kupita mahali asipoona mguu wake unakanyaga wapi, na mimi simlaumu. Basi ifyekwe njia, mita moja au mbili, ya kupita watu, na pembeni paachwe. Wageni wanataka benchi? Benchi ziwekwe ukingoni, penye mwanga tayari, wapumzike na soda zao. Tena niwaambie vijana, kwa uzoefu wangu, mgeni anayetoa hela nzuri hapa Amani hatafuti benchi. Anatoka Uholanzi na darubini ghali kuliko pikipiki yangu, analala saa tisa usiku akiwaza ndege, na saa kumi na moja na nusu anataka awe ameshachuchumaa kwenye matope mbele ya kichaka. Ukimpeleka kwenye msitu uliofagiliwa atakushukuru kwa adabu, na mwaka ujao atakwenda Uluguru.

Maana wageni wale wanajua kitu ambacho sisi tunakidharau: Milima ya Tao la Mashariki, yaani safu yenye Usambara, Uluguru na Rubeho, bado haijamaliza kutoa vitu vyake, na vingi vinatoka huko chini chini. Ni mwaka 2004 tu watafiti, mmoja wao Mtanzania Jacob Kiure, walipotangaza spishi mpya kabisa ya akalati kutoka milima ya Rubeho. Usambara Magharibi wana akalati wao asiyepatikana penginepo duniani. Hapa kwetu kuna yule ndege mdogo wa mdomo mrefu aliyepewa jina la Moreau, mtu aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani enzi za Waingereza. Nje ya Usambara Mashariki anajulikana sehemu moja tu, kaskazini mwa Msumbiji. Huyo anashinda kwenye mitambaazi iliyosukana, kitu cha kwanza kukatwa na mtu yeyote anayetaka msitu upendeze. Na yale maua ya saintpaulia yanayopangwa kwenye madirisha ya Ulaya, mbegu zake zilipelekwa Ujerumani kutoka Tanga na Baron von Saint Paul mnamo 1892. Yaliota wapi? Kwenye mawe yenye unyevu, kivulini, chini. Leo yangefyekwa.

Ningeweza kuwakumbusha wasomaji wa Tanga mjini kwamba maji ya mabomba yao yanatokana na mto Zigi unaoshuka kutoka misitu hii, na kwamba udongo uliofagiliwa huteremka na mvua mpaka bwawa la Mabayani. Lakini hayo wanaambiwa kila Siku ya Mazingira, na naona hayajawaingia.

Ninachoomba ni vitu viwili vinavyofanyika. Sheria ya Misitu ya 2002 inavipa vijiji mamlaka ya kutenga misitu yao na kutunga sheria ndogo. Sheria ndogo nilizoziona zinataja mbao, mkaa, moto na malisho, na adhabu zake. Kamati za mazingira za vijiji ziongeze kifungu kimoja: hakuna kufyeka chini ya miti ndani ya hifadhi ya kijiji isipokuwa njia zilizopitishwa na mkutano. Kuni zilizokauka akina mama waendelee kuokota siku zilizoruhusiwa, ila magogo makubwa yanayooza yaachwe yalale, kwani hayo ndiyo ghala la wadudu.

Pili ni mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tunaijua kwa sababu ya maji. Huku kwetu mito ndiyo inayokatiza mashamba ya chai na ya watu kutoka msitu mmoja hadi mwingine, kwa hiyo mita hizo 60, zikiachwa ziote zenyewe, zinaweza kuwa njia ya akalati bila serikali kulipa fidia hata shilingi. Kwa sasa pengi zimepandwa migomba mpaka ukingoni, na palipobaki wazi utakuta mistari ya mikaratusi iliyopandwa kwa sherehe, na kibao. Kila msimu wa kupanda miti tunahesabu miche iliyopandwa. Mahali pengine ingetosha kuweka kwanja chini kwa miaka mitano, msitu ukajipanda, maana mbegu zimo ardhini na kwenye matumbo ya ndege.

Nikirudi kwa wale vijana wa kwenye picha: msiwaandame. Wana nguvu, wana umoja, na wana msitu ambao bado una miti. Wakiuacha upumzike, vichaka vitarudi kabla mdogo wao aliyeko darasa la kwanza hajamaliza la saba. Kama msitu wao umepakana na msitu mkubwa, hata ndege watarudi. Kama umezungukwa na mashamba pande zote, itabidi waongee na majirani kuhusu mto wao, na hapo kazi itakuwa ngumu zaidi ya kufyeka. Mhariri, ningependa umtume mwandishi akawaulize hilo, badala ya kusubiri mtu wa mbali kama mimi kuwasema kwa barua.

Na akipenda kuona ninachokisema, apite na huku Amani, nitamtembeza bure. Aje kabla ya masika, kwa sababu barabara ya kutoka Muheza ikilowa inajua kumweka mtu njiani. Aje na buti za mpira, na soksi ndefu za kuingizia suruali. Tutawatafuta siafu kwanza.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Amani, Muheza